Nguva, Haramia na Jina la Pili: Mapitio ya Riwaya ya Maggie Tokuda-Hall

Riwaya ya The Mermaid, the Witch, and the Sea, kazi ya mwandishi Mmarekani Maggie Tokuda-Hall iliyochapishwa na Candlewick Press mwaka 2020, nimeisoma mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Mara ya kwanza niliisoma kwenye simu, ukurasa mmoja mmoja, nikivuka Likoni asubuhi kwenda kazini na jioni nikirudi, nikiwa nimebanwa kati ya baiskeli na magunia ya viazi, na siku moja nilishuka feri nikiwa mtu wa mwisho baada ya mfanyakazi wa kivuko kuniuliza kama nilikusudia kulala humo. Mara ya pili niliisoma mezani, kitabu cha karatasi, penseli mkononi, kwa sababu mimi ni mfasiri wa mikataba na vijikaratasi vya maelezo ya dawa, na mtu wa kazi hiyo hawezi kusoma Kiingereza kizuri bila kujiuliza kingesemwaje kwetu. Mapitio haya yametokana zaidi na usomaji wa pili, ingawa sifa nyingi nitakazozitoa ni za ule wa kwanza.

Hadithi inaanzia ndani ya merikebu iitwayo Dove, yaani Njiwa, jina la upole kwa chombo cha watu katili. Merikebu hiyo hujifanya ya abiria: matajiri hulipa nauli, hupewa vyumba, husalimiwa kwa adabu, kisha nchi kavu ikishapotea machoni mabaharia huwageuka, huwateka na kwenda kuwauza utumwani. Miongoni mwa mabaharia hao yumo Flora, yatima aliyekulia katika njaa ya mitaani, ambaye pamoja na ndugu yake wa kiume, Alfie, waliingia melini kwa sababu humo kulikuwa na chakula. Ili aishi salama kati ya wanaume wale amevaa uanaume, amejiita Florian, na ametimiza sharti la kumwaga damu alilowekewa. Safari hii yumo abiria mmoja, Bibi Evelyn Hasegawa, binti wa watu wakubwa wa dola, anayepelekwa mbali kuolewa na mwanamume asiyemtaka. Florian anapewa kazi ya kumlinda. Msomaji anajua tangu mapema ni nini kilichopangiwa abiria wale. Florian naye anajua. Evelyn peke yake ndiye hajui, na jambo hilo lisilosemwa linafanya kila mazungumzo yao, hata ya mzaha, yamkabe msomaji kooni.

Wachapishaji wa Kiingereza huviita vitabu vya namna hii kwa jina la Sappho, mshairi mwanamke wa kisiwa cha Lesbos aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na chini ya jina hilo hukusanya kila hadithi ambayo wapenzi wake wakuu ni wanawake. Kiswahili hakina jina la heshima lenye upana huo. Maneno tuliyonayo ni ya matusi au ya mahakamani, na mfasiri akiyachukua yalivyo atakuwa amewahukumu Flora na Evelyn kabla hawajashikana mikono. Mimi husema mapenzi ya wanawake wawili, maneno manne yasiyomtusi mtu, kisha ninaendelea na kazi. Anayetafuta kitabu cha kubishania hoja hiyo atakosa alichokitaka, kwa maana vikwazo vinavyosimama kati ya hawa wawili ni tabaka, ndoa ya kupangwa na biashara ya watu, navyo vinatosha kuwatenga wapenzi wowote wale.

Mapenzi yao yanaanza kwa herufi. Evelyn, aliyezoea vitabu maisha yake yote, anagundua kwamba mlinzi wake hajui kusoma, naye anaamua kumfundisha. Sura hizo ndizo nilizozirudia zaidi. Hakuna makubwa yanayotokea ndani yake isipokuwa watu wawili kuinamia ukurasa mmoja, mmoja akielekeza na mwingine akijikwaa, na mwandishi ana subira ya kuiacha aibu ya mtu asiyejua kusoma ikae pale pale bila kuifanyia dhihaka. Bibi yangu alihudhuria darasa la ngumbaru akiwa na wajukuu tayari, na siku alipoweza kuandika jina lake aliliandika kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko, akatukataza kulifuta. Kwa hiyo ninaujua uso wa mtu anayepewa herufi ukubwani, nao niliuona kwa Florian. Uchungu uliofichwa katika masomo hayo ni kwamba mwanafunzi anamsindikiza mwalimu wake sokoni akauzwe, na kila herufi anayopewa inamwongezea deni ambalo shukrani haiwezi kulilipa. Ndiyo maana nilimwamini Florian alipoanza kubadilika. Katika hadithi nyingi za mapenzi mtu hubadilika kwa kuwa mwenzake ni mzuri wa sura. Huyu anabadilika kwa kuwa amepewa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kufikiri kwamba anastahili kupewa.

Hapo ndipo penseli yangu ilipoanza kazi. Kiingereza humlazimisha mwandishi, karibu katika kila sentensi, aseme kama mtu anayesimuliwa ni mwanamke au mwanamume, na Tokuda-Hall ameutumia ulazima huo kwa ufundi mkubwa. Katika sura zinazomfuata Flora tunamsoma Flora, mwanamke. Katika sura zinazomfuata Evelyn, ambaye hajaambiwa, mtu yule yule ni Florian, mwanamume, na msomaji anayetoka sura moja kuingia nyingine hupigwa na mabadiliko hayo usoni kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta samani zimehamishwa. Kadiri hadithi inavyoendelea tunaanza kuelewa kwamba Florian si nguo ya kuvaliwa ikavuliwa hatari ikipita. Ni jina la pili la kweli la mtu mmoja, na mwenye majina hayo hana haraka ya kulitupa lolote kati ya hayo mawili. Wapo wasomaji wanaosema kwamba kwa sababu hiyo kitabu hiki hakistahili hata jina la Sappho, kwa kuwa mmoja wa wapenzi si mwanamke wakati wote. Nadhani wanagombania kibandiko cha rafu ya duka.

Sasa mtu ajaribu kuyaandika hayo kwa Kiswahili. Aliinama, akamtazama, akanyamaza: ni nani huyo, Flora au Florian? Kiambishi chetu hakiulizi swali hilo na wala hakilijibu. Nilitafsiri kurasa mbili kwa kujifurahisha, na nilipozisoma tena niligundua kwamba ule mshtuko wa kubadilika kwa sura umeyeyuka wote, na kilichobaki cha kumwongoza msomaji ni majina yenyewe na namna watu wanavyoitana. Mabaharia watasema bwana au kijana. Evelyn atatafuta neno la kumwita mlinzi wake lisilokuwa la kumdharau wala la kumzoea. Na Alfie, ambaye kwa Kiingereza hana budi kusema uongo kila anapomtaja dada yake mbele ya wenzake, kwa Kiswahili angesema tu ndugu yangu, akawa amesema kweli tupu mbele ya merikebu nzima. Huo ni utamu ambao asili yake haina. Nilikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko mikataba inavyoniruhusu.

Yupo pia mhusika anayeitwa Haramia Mkuu, kiongozi wa maharamia walio upande wa bahari, ambaye katika Kiingereza hatajwi kwa kiwakilishi cha kike wala cha kiume, bali kwa kile cha wengi. Wasomaji wa Kiingereza wasiokizoea hukwama. Kwetu sentensi zake zingepita kama maji, na cheo chake kingepata neno mheshimiwa ambalo tangu hapo halijawahi kuuliza mtu amevaa suruali au kanga.

Neno lililonitesa zaidi ni siren, lililomo katika jina la kitabu cha pili cha hadithi hii. Kamusi itakupa king'ora, yaani ile sauti ya gari la wagonjwa, na ukimwambia msomaji wa Mombasa kwamba mabaharia waliponzwa na ving'ora atadhani walikimbizwa na askari. Katika masimulizi ya kale ya Wayunani viumbe hao walikuwa waimbaji walioketi pwani na kuwavuta mabaharia kwa sauti zao, na wachoraji wa kwanza waliwapa miili ya ndege. Ni baadaye sana, huko Ulaya ya zama za kati, ndipo mkia wa samaki ulipochukua nafasi ya mabawa, na hata leo Mfaransa na Mhispania humwita nguva wa hadithi kwa jina lile lile la mwimbaji wa Wayunani. Kwa Kiswahili basi ni nguva, na hapo tunajikuta na bahati nyingine. Nguva wetu ni mnyama halisi, mkubwa, mpole, anayelisha majani ya bahari na kumnyonyesha mtoto wake kwa matiti yaliyo karibu na makwapa, na wanasayansi walipolipa jina kundi lake la wanyama waliliita Sirenia, wakiwakumbuka wale wale waimbaji. Wazee wa pwani hawakuhitaji kusoma Kiyunani ili wafikie neno moja kwa viumbe wote wawili.

Ninayasema haya kwa sababu yamebadilisha kabisa namna nilivyomsoma nguva wa Tokuda-Hall. Anaingia hadithini akiwa mateka. Hawavuti wanaume kwa wimbo ili wazame. Wao ndio waliomvua, kwa tamaa ya damu yake, kwa kuwa anayeinywa damu hiyo huona maono na kupoteza kumbukumbu. Nguva wa kweli wa mwambao wetu wamebaki wachache mno, na wavu wa jarife ni mojawapo ya mambo yaliyowamaliza. Kwa hiyo picha ya nguva aliyenaswa haikunijia kama njozi. Ilinijia kama habari ninayoijua. Na wanaume wanaomnywa, wenye macho yaliyokwenda mbali, walio tayari kumwuza yeyote ili wapate kidogo kingine, na ambao kila wanachopata kinawagharimu kipande cha maisha yao ya nyuma: anayeishi Mombasa atawatambua kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Tunawaita mateja. Mwandishi hawahubirii wala hawaonei huruma ya bure. Anawaonyesha wakisahau, kidogo kidogo, na kusahau huko kunatisha kuliko panga lolote linalochomolewa katika kitabu hiki.

Bahari yenyewe ni mhusika. Hapa na pale masimulizi yanasimama na Bahari anazungumza, mama wa nguva wote, mwenye hasira na mwenye kumbukumbu ndefu kuliko dola yoyote. Kurasa hizo ni fupi, na kwa maoni yangu ndizo zenye Kiingereza bora kuliko zote, kwa kuwa mwandishi ameacha kueleza akaanza kuomboleza. Kiswahili kingelazimika kufanya uamuzi ambao Kiingereza kinaufanya kwa herufi kubwa tu: bahari imekasirika, au Bahari amekasirika? Tunaufanya uamuzi huo kila tunaposimulia watoto hadithi za sungura na fisi, ambao wanapoanza kusema hupata upatanisho wa watu, na ningependa kuona tafsiri inayochezea hapo, inayosema imechafuka mabaharia wanapoitazama, na amechafuka nguva wanapomtaja mama yao.

Kisa cha mwanamke aliyevaa uanaume kati ya maharamia kina mizizi ya kweli. Mnamo Oktoba 1720 karibu na Jamaica walikamatwa Anne Bonny na Mary Read, wakiwa katika chombo cha haramia Jack Rackham, na Novemba ya mwaka huo huo wakashitakiwa mjini Spanish Town, ambako waliponea kitanzi kwa kusema kwamba wana mimba. Read alifia gerezani mwaka uliofuata. Kitabu kilichochapishwa London mwaka 1724 kwa jina la Nahodha Charles Johnson kinadai kwamba Bonny alivutiwa na Read akimdhania kijana wa kiume, akamwendea faraghani, na Read akalazimika kumwambia ukweli wake. Kiasi gani cha kisa hicho kilitiwa chumvi ni mjadala wa wanahistoria, lakini waandishi wa riwaya wamekuwa wakikitafuna kwa miaka 300, na Flora ni mjukuu wake wa mbali. Tofauti ni kwamba Tokuda-Hall hakuupaka uharamia rangi ya mapambo. Katika vitabu vingi vya aina hii haramia ni mtu wa kofia, bangili na maneno ya kuchekesha, anayeiba kwa matajiri tu na asiyemuumiza mtu tunayemjua. Sisi tuliosikia habari za maharamia wa Somalia kila jioni kati ya mwaka 2008 na 2012, na ambao babu zetu waliishi kando ya soko la watumwa la Unguja lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kusoma juu ya merikebu inayouza watu tukabaki tunachekelea kofia. Mwandishi huyu anajua hilo. Mikono ya Florian si safi, na kitabu hakimsafishi ili apendeke.

Kuhusu dola lenyewe sina budi kusema kidogo. Jina Hasegawa ni la Kijapani, na desturi za ukoo wa Evelyn zina harufu ya huko, jambo ambalo kwa mwandishi mwenye nasaba ya Kijapani si la kubahatisha. Babu na bibi yake walikutana katika kambi ya Minidoka, jimbo la Idaho, ambako Wamarekani wenye asili ya Kijapani walizuiliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, naye amekisimulia kisa chao katika kitabu cha watoto cha mwaka 2022. Mtu mwenye historia hiyo kwao angeweza kuwaandika watu wake kama wahanga peke yao. Badala yake amewapa dola inayomeza visiwa na lugha za wengine, akamweka msichana mpole katikati yake, na kumfanya agundue polepole kwamba starehe yake yote imelipiwa na watu asiowafahamu.

Nimesifu nusu ya kwanza. Nusu ya pili inanipa shida. Merikebu ni mahali padogo, na udogo huo unaulinda uandishi: kila mtu anamsikia mwenzake, kila siri iko umbali wa ubao mmoja. Wapenzi wanapotoroka na hadithi kumwagikia visiwani, ghafla tunapewa mchawi, majasusi wanaotumikia pande mbili, mipango ya Haramia Mkuu na mambo ya ndoa ya Evelyn, vyote vikitaka nafasi kwa wakati mmoja, na sura zinafupika hadi zinafanana na barua za watu wenye haraka. Rake, msaidizi wa nahodha mwenye siri zake, alistahili kurasa mara mbili ya alizopewa. Mchawi Xenobia anaanza vizuri sana, kwa kuwa uchawi wake si wa hirizi wala kombe bali umefungamana na masimulizi, na kila anachokitoa kina bei; nilitaka kukaa naye mkekani nimsikilize, lakini kila alipokaribia kusema jambo zito kitabu kilinishika mkono kikanivuta kwingine. Nilipomaliza mara ya kwanza nililaumu feri. Mara ya pili sikuwa na wa kumlaumu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tunaambiwa mara nyingi kwamba dola imewaonea watu wengi, ila watu hao hawapewi nafasi ya kuzungumza. Wanapita pembeni, wanatajwa, wanahurumiwa. Riwaya inayolaani dola huku ikisimuliwa kwa sehemu kubwa na waliolelewa ndani yake imejibana yenyewe.

Mwandishi, nadhani, aliliona hilo, kwa sababu kitabu cha pili, The Siren, the Song, and the Spy, kilichotoka mwaka 2023, kinaanzia mahali tofauti kabisa. Msichana aitwaye Genevieve, aliyevalia mavazi ya kifahari, anatupwa na mawimbi, nusu maiti, kwenye pwani ya kisiwa cha Wawariuta, na wenyeji ndio wanaolazimika kuamua wamfanye nini: Koa anamhurumia, dada yake Kaia hamwamini hata kidogo. Nilimpenda Kaia kuanzia mara ya kwanza alipokunja uso. Katika mji mkuu tunamkuta tena Alfie, sasa akiwa jasusi kati ya watu wanaompenda bila kujua ni nani. Ni kitabu kigumu kuliko cha kwanza, chenye siasa nyingi na mapenzi machache, na aliyefuata hadithi kwa ajili ya Flora na Evelyn atahisi amealikwa arusini akapelekwa kwenye baraza la wazee. Mimi baraza lilinifaa. Ningependa tu mtu anunue vyote viwili pamoja, maana cha kwanza peke yake kinaacha maswali ambayo hakikuwa na haki ya kuyaacha.

Kwa anayefikiria kununua, yapo mambo machache ya kujua. Kitabu kimetolewa kwa ajili ya vijana, lakini kina mauaji, utumwa na vitisho vya ubakaji, na sura ya kwanza kabisa haibembelezi. Nisingempa mtoto wa darasa la 7, na kijana wa miaka 16 ningempa tukakisoma pamoja. Mambo ya faragha ya wapenzi hayaelezwi kwa kina. Anayetafuta hayo aende rafu nyingine. Madukani kwetu sikukiona, nikaanza na nakala ya kielektroni, na nilipoagiza ya karatasi kwa duka moja la mtandaoni nililetewa, baada ya majuma sita, kitabu cha mapishi ya samaki, na duka likanieleza kwa barua pepe kwamba vyote viwili vinahusu bahari. Nakala sahihi ilikuja baadaye kidogo, kona moja ikiwa imelowa. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi zake ni fupi, na aliyemaliza kidato cha 4 hatahitaji sana kamusi isipokuwa kwa majina ya sehemu za merikebu, ambayo hata mimi nilikwenda kumuuliza jirani aliyewahi kusafiri na majahazi; alinipa matanga, mlingoti, foromali na ngama bila kufikiri, kisha akaniuliza kitabu kinahusu nini, nami nikamwambia kinahusu nguva.

Nakala yangu ya karatasi nilimwazima binti wa kaka yangu, anayesoma fasihi chuo kikuu, mwenye tabia mbaya ya kuandika pembeni mwa kurasa za watu. Aliirudisha baada ya juma moja, na kwenye sura za masomo ya herufi nilikuta alama zake zimebanana na zangu hadi nafasi ikaisha. "Shangazi," akaniuliza, "kwani Evelyn alikuwa hajui kweli kwamba ni Flora, au alijua akanyamaza?" Nilikuwa nimeshakisoma mara mbili na swali hilo halikuwahi kunijia. Tulikaa nalo barazani mpaka adhana ya magharibi, yeye akishikilia kwamba alijua tangu somo la kwanza, mimi nikimwonyesha kwa Kiingereza mahali ambapo mwandishi amesema alimdhania mwanamume, naye akinijibu kwamba tukisoma mahali hapo hapo kwa Kiswahili hakuna kinachosema hivyo. Kitabu cha pili amekichukua bila kuniuliza, na kurasa zangu mbili za tafsiri amezitia ndani yake.